Barua za Wasomaji: Albamu za Dream Theater

Wasomaji wa Lamu na Malindi wametuletea barua kuhusu Dream Theater, bendi ya Marekani ya metali ya progresivu (roki nzito yenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilikabadilika) iliyoanza Boston mwaka 1985. Mabishano mengi yaliyomo tumeyaona yana chanzo kimoja: albamu hizi zinasikilizwa vipandevipande, kwa mpangilio uliovurugika au katika chumba kinachoziharibu. Kwa hiyo majibu yetu yanagusa namna ya kusikiliza kama yanavyogusa ubora wa nyimbo.

Assalaam aleikum. Sisi ni watatu barazani na hatuelewani. Mmoja asema mtu aanze na albamu ya 1992, wa pili asema ya 1999, wa tatu asema zote za nyuma ni kelele mpaka ufike 2005. Mimi sijamaliza hata moja. Nianze wapi? — Msomaji, Langoni, Lamu

Waaleikum salaam. Anza na Images and Words ya 1992. Ina nyimbo 8 na dakika 57, na ndiyo ya kwanza kuimbwa na James LaBrie. Iliyotangulia, ya 1989, iliimbwa na Charlie Dominici. Ina nyimbo nzuri lakini sauti yake ni nyembamba, na anayeanza nayo mara nyingi huishia hapo hapo. Iweke kando, utaitafuta mwenyewe baadaye.

Rafiki yako wa 1999 hajakosea kuhusu ubora. Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory ndiyo albamu ambayo mashabiki wengi huipa nafasi ya juu, nasi tunakubaliana nao. Ila jina lake lenyewe linakuambia kuwa ni sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ni wimbo wa tano katika albamu ya 1992. Rifu (vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa), maneno na vipande vya sauti vya wimbo ule vinarudi 1999 vikiwa vimegeuzwa na kupewa maana mpya ndani ya hadithi ya Nicholas, ambaye anapoingizwa katika usingizi wa tiba anakutana na maisha ya Victoria, msichana aliyeuawa mwaka 1928. Anayeanza na sehemu ya pili ni kama aliyeingia kwenye utenzi ubeti wa mia: mashairi atayasikia, lakini hatajua nani anasema na nani.

Jambo moja la kukutahadharisha. Katika ya 1992, ngoma ndogo ya drama inalia kwa mlio mmoja, mkavu, kila pigo sawasawa na lililopita. Usidhani simu yako ina kasoro. Studioni walichanganya mapigo halisi na mlio uliohifadhiwa unaoamshwa kwa umeme, mtindo wa miaka ile. Mike Portnoy, mpiga drama, amelilalamikia jambo hilo waziwazi. Sikio litalizoea kufika wimbo wa tatu.

Bwana mhariri, nimepewa albamu ya 1999 kwenye flashi. Kila wimbo ukiisha kunakuwa na kikomo kidogo kama mtu amekata kauli, na hadithi yenyewe siielewi kabisa: mtu anakufa, kisha yuko hai. Ndivyo ilivyo? — Msomaji, Maweni, Malindi

Sivyo ilivyo, ndugu yetu. Una matatizo mawili, na la pili ndilo limeua hadithi.

Kikomo kinatokana na faili za MP3. Programu inayotengeneza MP3 huongeza kimya kifupi sana mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Kwa nyimbo zinazojitegemea hutakisikia. Albamu hii ina nyimbo 12 zinazomiminikiana bila kusimama, na kile kimya kinakata katikati ya noti. Tafuta faili za FLAC, ambazo hazina kasoro hiyo. Kwa dakika 77 za albamu hii, FLAC itakula kama nusu gigabaiti, wakati MP3 ya kilobiti 320 inachukua kama megabaiti 185. Kama nafasi haitoshi, baki na MP3 lakini utumie programu ya kusikilizia inayoweza kuunganisha nyimbo bila pengo. Ikiwa programu ina mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, uweke sifuri, kwa sababu huo unafuta sekunde za mwisho za kila wimbo, na humo ndimo daraja la kuingilia wimbo unaofuata lilimo.

Sasa mpangilio. Tazama majina ya faili. Kama yameandikwa 1, 2, 3 hadi 12, vyombo vingi hupanga kwa herufi badala ya hesabu, hivyo utasikia 1, kisha 10, 11, 12, ndipo 2. Maana yake umesikia mwanzo, ukarukia mwisho ambako muuaji anajulikana, kisha ukarudi nyuma. Badilisha majina yaanze na 01, 02, 03. Redio nyingi za gari na spika za flashi hazijali hata majina: zinafuata faili iliyonakiliwa kwanza. Kwa hizo, futa zote, kisha nakili moja moja kwa mpangilio.

Ukiipata Six Degrees of Inner Turbulence ya 2002, mtego huo huo unakusubiri kwa sura nyingine. Ni diski mbili, ya kwanza nyimbo 5, ya pili wimbo mmoja wa dakika 42 uliokatwa vipande 8. Zikitiwa folda moja bila kubadilishwa namba, kipande cha 1 cha diski ya pili kitakaa pamoja na wimbo wa 1 wa diski ya kwanza. Zipe namba 01 hadi 13. Kipande cha kwanza cha ule wimbo mrefu ni dibaji ya ala tupu inayokuonjesha sauti kuu zitakazofuata, hivyo ukiiruka hutazitambua zitakapokuja.

Nakaa nyumba ya mawe ya kale na nina spika mbili kubwa. Albamu nyingine zalia vizuri. Awake ya 1994, hasa wimbo wa The Mirror, chumba kizima chavuma mpaka gitaa silisikii. Fundi amesema spika zimekufa, ninunue nyingine. — Msomaji, Mkomani, Lamu

Usinunue kitu kabla hujapima upana wa chumba.

Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka masafa makubwa. Tuseme chako kina upana wa mita 2.8. Katika joto la pwani sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili ngumu za mawe na chokaa, wimbi linalokaa na kujirudia ni lile lenye urefu maradufu ya upana, yaani mita 5.6. Gawanya 348 kwa 5.6, unapata mitetemo 62 kwa sekunde. Awake ndiyo albamu ambayo mpiga gitaa wao, John Petrucci, alianza kutumia gitaa la nyuzi saba. Uzi wa saba ni B ya chini, na mitetemo yake ni 61.7 kwa sekunde. John Myung, mpiga besi mwenye besi ya nyuzi sita, ana B iliyo chini ya hiyo kwa oktava nzima, yaani nusu ya mitetemo hiyo, na mlio wake wa pili, wenye mitetemo maradufu, unaangukia pale pale. Chumba chako kimetuniwa kwenye noti ambayo wimbo ule unaigonga tangu mwanzo. Spika ni nzima.

Fanya hivi. Weka spika zote mbili kwenye ukuta mfupi, na umbali wa kila moja kutoka ukuta mrefu ulio karibu nayo uwe sawasawa. Kama ya kushoto iko sentimita 70 kutoka ukutani, ya kulia nayo iwe 70, usikadirie kwa macho. Besi ya muziki huu hutoka sawa pande zote mbili, na spika zilizolingana hivyo huvunjiana lile wimbi la upana zenyewe. Kaa katikati ya upana, si kwenye kochi lililoegemea ukuta mrefu, maana ukutani ndiko uvumi unakojaa na katikati ndiko unakopungua. Kisha kagua nyaya nyuma ya spika: nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, ule ulinganifu unafanya kazi kinyume. Badala ya kuvunja uvumi, unaulisha. Fundi angeanza hapo.

Mikeka na mapazia hayatakusaidia kwa hili. Yanapunguza milio ya juu, yaani matoazi na sauti ya mwimbaji, huku besi ikipita kama haikuona kitu. Magodoro mazito ya sufi yaliyosimamishwa pembeni husaidia kidogo. Mwisho wa yote, kama kikuza sauti chako kina kirekebisha sauti, punguza desibeli 4 hadi 6 pale penye 60 au 63, uache mengine yalivyo.

Maoni yangu si swali. Train of Thought ya 2003 ni hasira tupu, na Octavarium ya 2005 ndiyo kilele cha bendi. Tena wamekuwa wakijirudia: kuna rifu za 2002 nimezisikia tena 2003, na tena 2005. Huo si uvivu? — Msomaji, Shela, Lamu

Kuhusu 2005 hatutabishana nawe sana, dada. Kuhusu uvivu tutabishana, kwa sababu ulichosikia kimefanywa makusudi na kwa hesabu.

Kuanzia 2002 hadi 2009 Portnoy aliandika mfululizo wa nyimbo tano juu ya kuacha ulevi, akifuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. The Glass Prison ya 2002 ina hatua ya 1 hadi 3. This Dying Soul ya 2003 ina ya 4 na 5. The Root of All Evil ya 2005 ina ya 6 na 7. Repentance ya 2007 ina ya 8 na 9, na The Shattered Fortress ya 2009 inamaliza na ya 10 hadi 12. Rifu zinarudi kwa sababu mtu ni yule yule na ugonjwa ni ule ule. Zipange hizo tano kwa mfuatano uzisikilize kwa mkao mmoja, kama saa moja hivi, uone kama bado utaziita marudio.

Kuna mnyororo mwingine pia. Albamu ya 1999 inaisha kwa mkwaruzo wa sahani ya santuri, na ya 2002 inaanza kwa mkwaruzo huo. Ya 2002 inaisha kwa mlio mrefu wa sauti zilizopangwa, na ya 2003 inafunguka kwa mlio huo. Ya 2003 inaisha kwa noti moja ya kinanda, F, na ya 2005 inaanza nayo. Halafu Octavarium inaisha pale ilipoanzia, mduara ukafungika. Yenyewe ni albamu ya nane, ina nyimbo nane, na katikati yake kuna vipande vitano vifupi vya kuunganishia, sawa na vibao vyeupe vinane na vyeusi vitano vya kinanda kutoka F hadi F.

Ndiyo maana hatukubali 2003 ihukumiwe peke yake. Ina nyimbo saba, gitaa ziko mbele, kinanda cha Jordan Rudess kimesukumwa nyuma, na kasoro yake halisi ni solo ndefu kuliko zinavyohitajika, hasa nusu ya pili. Lakini ukitoka kwenye dakika 42 za 2002, zenye habari za watu sita wenye maradhi ya akili, ukali ule unaingia mahali pake.

Napiga gitaa la umeme la nyuzi sita. Nimelegeza uzi wa sita kutoka E hadi B ili nipige nyimbo za Awake, lakini unapwaya, unagonga freti na hautulii. Tena nyuzi zangu zinashika kutu kwa wiki mbili. — Msomaji, karibu na ufukwe, Malindi

Kijana, uzi haupwayi kwa bahati mbaya. Mkazo wa uzi hufuata mtetemo ukizidishwa kwa wenyewe. Kutoka E (82.4) hadi B (61.7) ni robo tatu ya mtetemo, na robo tatu mara robo tatu inabaki asilimia 56 ya mkazo. Ili mkazo urudi, unene lazima upande kwa theluthi: kutoka 0.046 ya inchi hadi karibu 0.062. Nunua seti ya 13 hadi 62 na utuni zote sita: B, E, A, D, F kali, B. Utakosa uzi wa juu kabisa wa gitaa la nyuzi saba, lakini rifu zote za chini utazipata. Kwa kuwa mkazo wa jumla hautabadilika sana, shingo ya gitaa haitapinda.

Utakapokwama ni pale kwenye kile kipande cheupe kilicho kati ya shingo na kichwa, chenye vijia vya nyuzi. Kijia cha uzi wa sita kimechongwa kwa milimita 1.2, na uzi mpya una karibu 1.6. Utakaa juu ya kijia badala ya ndani, utabanwa, na kila ukikaza kigingi utasikia "tik" na sauti inaruka. Panua kijia hadi milimita 1.65 kwa tupa nyembamba, au kwa msasa laini uliozungushwa kwenye uzi wa kale. Panua pembeni tu. Ukichimba chini, uzi utagonga freti ya kwanza na itabidi ununue kipande kipya.

Kisha linganisha: gusa uzi bila kubana juu ya freti ya 12, usikie mlio wake wa kengele, halafu ubane hapo hapo. Ukibana na sauti ikawa juu kuliko ile ya kengele, rudisha kitandiko cha uzi (kile kidude cha kwenye daraja kinachobeba uzi) nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Rudia kwa kila uzi, na utuni upya kila unapokisogeza.

Kuhusu kutu: chumvi ya jasho na ya upepo wa bahari ndiyo inayokula chuma, na unyevu unaisaidia. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, pitisha kipande cha kanga kikavu juu na chini ya kila uzi. Chini ndiko watu husahau, na kutu huanzia huko. Usilitundike kwenye ukuta wa mawe unaotazama bahari. Lifunge kwenye mfuko wake na vile vijipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu vipya, vitatu au vinne. Tone la mafuta ya cherehani liende kwenye skrubu za daraja, si kwenye nyuzi. Mafuta ya nazi usitie kabisa: yananasa vumbi na sauti ya uzi inakufa. Nyuzi zenye utando wa plastiki ni ghali zaidi, lakini kwa anayekaa ufukweni zinarudisha gharama.

Je, Dream Theater bila Portnoy ni Dream Theater? — Msomaji, Mambrui

Ndiyo. Aliondoka Septemba 2010, Mike Mangini akashika drama kwa albamu tano, kutoka 2011 hadi 2021. Wimbo The Alien wa albamu ya 2021 uliwapa tuzo yao ya Grammy mwaka 2022, Mangini akiwa ndiye mpiga drama. Udhaifu wa miaka hiyo ni The Astonishing ya 2016: vipande 34, zaidi ya saa mbili, hadithi nyepesi kuliko muziki unaoibeba. Hiyo tunakuruhusu kuisikiliza kwa siku mbili, diski moja kila siku. Portnoy alirudi Oktoba 2023, na Parasomnia ya Februari 2025 inaonyesha kilichokosekana zaidi alipokuwa hayupo: si mapigo yake hasa, bali mpangilio unaoifanya albamu kuwa kitu kimoja.

Napiga matari kwenye maulidi, kwa hiyo mapigo si mageni kwangu. Lakini hizi nyimbo zanipotezea mkono. Nikihesabu nne, nakuta wao washapita. — Msomaji, Matondoni, Lamu

Hesabu ya nne ndiyo inayokupoteza, mwenzetu. Muziki huu hupenda saba, tano na tisa, na zote hizo zimejengwa kwa mbili na tatu tu. Kwako Matondoni maneno yapo tayari: dau lina silabi mbili, jahazi lina tatu.

Tano ni "dau, jahazi". Saba ni "dau, dau, jahazi". Tisa ni "dau, dau, dau, jahazi". Sema silabi zote kwa urefu sawa, na upige kofi kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ulimi wetu unakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdomo unasema "ja-HA-zi" na mkono unaufuata kwenye HA. Ukifanya hivyo umechelewa kwa pigo moja, na baada ya mizunguko miwili hujui ulipo. Kofi liwe kwenye JA.

Usianze na Dream Theater. Anza na Money ya Pink Floyd ya 1973, ambayo rifu yake ni saba ya taratibu, mpaka ufuate dakika nzima bila kupotea. Kisha nenda Schism ya Tool ya 2001, inayopishanisha tano na saba: "dau, jahazi, dau, dau, jahazi". Mkono ukikataa, tanguliza jahazi: "jahazi, dau, jahazi, dau, dau". Jumla ni ile ile, na utausikia uzito umekaa. Ukiziweza hizo, rudi kwa The Dance of Eternity katika albamu ya 1999, wimbo wa ala tupu wa dakika sita ambao hesabu yake inabadilika zaidi ya mara 100. Chukua sekunde 20 za mwanzo tu kwa siku, punguza kasi hadi nusu kwenye programu ya simu, na uandike kwa penseli kila dau na kila jahazi kabla hujagusa tari.